Sauti Nzito Haizunguki

Nimeolewa hapa Kisiba miaka kumi na saba, na sikuwahi kuuona uso wa baba mkwe wangu. Msidhani natia chumvi. Mgongo wake niliujua, kofia yake ya sufu niliijua, kikohozi chake ningekitambua hata katikati ya soko la Tukuyu. Uso, hapana. Kwetu Wanyakyusa mkamwana humwogopa baba mkwe: haingii alipo, hali naye, hatamki jina lake, na wakikutana njiani ni yeye anayeingia migombani na kugeuka mpaka mzee apite. Mzee naye ana sehemu yake. Akijua mkamwana yuko karibu, hujifunika au hutazama pembeni. Siku hizi mabinti wa mjini wanapeana mikono na wakwe zao mlangoni pa kanisa na hakuna anayedhurika. Mimi nilipata mama mkwe wa zamani na baba mkwe wa zamani zaidi, basi nikaolewa na desturi pamoja na mume. Jina la mzee mtalisikia kwa wengine.

Nilichokipata kwake ni sauti. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai, na zamani, kabla sijafika, alitengeneza spika ya kuzunguka kwa ajili ya gitaa lake la umeme. Erasto, mume wangu, amenieleza ilivyokuwa: sanduku la mbao refu kama kabati, ndani spika imetazama chini, chini ya spika pipa la plaiwudi lenye tundu ubavuni, na pipa linazungushwa na mota ya feni kuukuu kwa ukanda wa cherehani. Sauti inatoka kwenye tundu, tundu linazunguka, basi sauti inakuja kwako, inakwenda, inakuja tena. Erasto alilipaka rangi sanduku lile kwa mikono yake. Aliliona sana hata akaacha kulisikia.

Mimi nililisikia. Jiko langu linatazamana na dirisha la chumba cha mzee, na kila Jumamosi alasiri alipiga gitaa wakati ninamenya ndizi. Mkono wangu ulishika mwendo wake bila mimi kuuambia. Pipa likienda polepole, mzunguko mmoja ni ganda moja la ndizi, toka kichwa mpaka mkia. Akiwasha mwendo wa kasi, mota ile ya kizee haikuruka. Ilichukua maganda manne kufika. Akiizima, ilichukua saba kushuka, ikikaa chini kama mtu mwenye magoti mabovu. Na nyuzi nzito hazikuyumba hata kidogo. Zilisimama palepale, zile nyembamba ndizo zilizozunguka juu yake. Hayo sikufundishwa na mtu.

Mwaka wa nne wa ndoa nilizaa mtoto ambaye hakulia. Wanawake walijaa nyumbani, wakalia kwa niaba yake, wakapika, wakaondoka. Mkwe hakuweza kuja kunipa pole, maana angekujaje. Siku ya tatu, nikiwa jikoni peke yangu, nilisikia dirisha lake likifunguliwa na mama mkwe akigomba kwamba mvua inaingia kitandani. Hakulifunga. Alipiga polepole tu, hakuongeza mwendo hata mara moja, kuanzia saa nane mpaka kuku walipoingia bandani. Sikuutambua wimbo. Pole nilizopewa zilikuwa nyingi na nyingine ziliniudhi. Ile niliipokea, na nikalia vizuri kwa mara ya kwanza.

Ndipo kanisani, alikokuwa akiipigia kwaya kwa gitaa na sanduku lile, wakanunua kinanda kipya, na wazee wa kanisa wakaomba sanduku likahifadhiwe kwa kumbukumbu. Walilihifadhi stoo, chini ya bati lililotoboka. Mvua zetu mnazijua. Plaiwudi ilifunguka karatasi kwa karatasi, mota ikajaa kutu, na mzee alipokwenda kulitazama alirudi akalitundika gitaa msumarini. Mwaka mmoja baadaye kiharusi kikachukua upande wake wa kulia na karibu maneno yake yote.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, hospitali ilituambia tumrudishe nyumbani. Hatukuhitaji kuelezwa maana yake. Mzee Rubeni, aliyekuwa mwalimu wa kwaya enzi zao, alikuja kumwombea, na alipomaliza kuomba mgonjwa akasema neno moja.

"Sungusha."

Nilikuwa nyuma ya ukuta, nikianika nguo ambazo zilikuwa zimeshakauka. Nilimsikia Rubeni akiuliza azungushe nini, na mzee akarudia, na tena, mpaka Rubeni akaelewa.

"Ambindwile anataka spika yake," alimwambia mama mkwe. "Dada Esnath, huyu mtu anataka kuisikia kabla hajaenda."

Basi kazi ikawa hiyo moja. Alikuwa ameomba kitu kimoja maishani mwake, na siku zenyewe zilikuwa za kuhesabu.

Erasto ni fundi wa redio na simu pale Tukuyu mjini, na fundi hakubali kushindwa na sauti. Kwanza alileta kanda ya zamani ya kwaya, akaipiga. Mzee akatikisa kichwa. "Gitaa," akasema. Hakutaka kumbukumbu, alitaka kitu chenyewe kikipigwa mbele yake. Ndipo Erasto akaagiza pedali kutoka Dar es Salaam, vile visanduku vya chuma ambavyo mpiga gitaa huvikanyaga ili sauti ibadilike. Moja ya kuiyumbisha sauti, moja ya kuipandisha na kuishusha, moja ya kuinenepesha. Akaziunga sebuleni, na siku mbili nyumba ikawa kama gari linalokataa kuwaka.

"Nyuzi nzito hazizunguki," nilimwambia. "Wewe unazungusha zote."

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililonikera zaidi. "Mama Anyitike, lile sanduku hujawahi hata kuliona."

Nikanyamaza. Watu watasema nilinyamaza kwa adabu. Nilinyamaza kwa kiburi, nikitaka akwame ndipo aje kuniomba, na kiburi hicho kilikula siku tisa za mtu ambaye hakuwa na siku tisa za kuchezea.

Erasto alikwenda kumpigia mara ya kwanza. Nilisikia nikiwa uani: ilikuwa sauti ya mtu anayeongea mbele ya feni. "Si hiyo," mzee akasema. Akabadilisha pedali, akaenda mara ya pili. "Si hiyo." Mara ya tatu mzee hakusema neno, na Erasto akatoka, akaja jikoni, akaketi juu ya kinu, kichwa mikononi.

"Amegeukia ukutani," alisema. "Baba amenigeukia ukutani."

Niliweka kisu chini. Ningeweza kumkumbusha kicheko chake, na ulimi ulikuwa tayari, lakini alikuwa analia kama mtoto mkubwa anavyolia, bila kujificha. Nikamwambia alete vyombo vyake jikoni.

Siku tatu zilizofuata, Mungu anisamehe, zilikuwa nzuri. Ng'ambo ya ua mzee anakufa, na mimi na mume wangu tunacheka juu ya maganda ya ndizi. Erasto alichukua kile kifaa kinachotenganisha besi na sauti kali ndani ya spika za redio, akaligawa gitaa mara mbili: nyuzi nzito zikaenda moja kwa moja kwenye spika yake, zile nyembamba zikapita kwenye pedali. Nikamwambia apunguze kuyumba, maana pipa halikuwa mlevi. Nikamwambia aongeze ukwaruzo kidogo, maana mota ilikuwa inanguruma chini kwa chini. Kilichobaki kikawa mwendo. Pedali ikibanwa inaruka kasi papo hapo, na mota ya mzee haikuruka. Dawa ilikuwa kukizungusha kile kitufe cha mwendo kwa mkono, polepole, wakati gitaa linapigwa. Erasto mikono yake miwili iko kwenye gitaa. Nikachuchumaa, nikashika kitufe kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukawa unamenya. Maganda manne kupanda. Saba kushuka.

Erasto aliacha kupiga.

"Ni yenyewe," akasema. "Ulikuwa nayo wewe muda wote huu."

Sasa nani angekishika kitufe chumbani kwa mzee? Mimi siwezi kuingia. Kupiga kutokea jikoni haikuwezekana. Ulikuwa mwezi wa nne, mvua haikuwa na adabu, na chini ya bati letu hata mtu aliyeketi kando yako unamrudishia maneno mara mbili. Erasto akasema Jumatatu atakwenda Mbeya kununua waya mrefu, pedali zikae nje ya dirisha nami, spika ziwe ndani. Lilikuwa wazo zuri. Jumamosi asubuhi mama mkwe alikuja jikoni, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Baba yenu hanywi maji tena," alisema, kwa ule ulimi wake usiojua r. "Kama ni leo, Elasto, iwe leo."

Tukafanya leo. Vyombo vikapelekwa, Mama akaketi kwenye mkeka karibu na pedali, nilikuwa nimemwonyesha kitufe mlangoni kabla hajaingia nacho. Mimi nikasimama chini ya upenu, chini ya dirisha, mgongo ukutani, maji yanaruka mpaka magotini. Erasto akaanza. Nzito zikasimama, nyembamba zikaanza kuzunguka, na moyo wangu ukainuka. Kisha Mama akakizungusha kitufe kwa nguvu kama anavuta kamba ya kisima. Sauti ikaruka, ikalia, ikaanguka.

"Polepole, Mama," niliita. "Bado. Bado kwanza."

Mvua na gitaa vilikula maneno yangu. Niliita mara ya pili, mara ya tatu. Rubeni, aliyekuwa ameketi kitandani, akajaribu yeye, na mikono yake inatetemeka, basi sauti nayo ikatetemeka. Kutoka ndani nikasikia lile neno, dogo sana sasa, limebaki pumzi tu.

"Si hiyo."

Nikamkumbuka akigombana na mkewe juu ya dirisha. Mtu yule aliacha mvua imlowanishe kitandani ili mimi nipate kulia, na mimi nilikuwa nimesimama nje naogopa mlango. Nilivua kanga ya mabegani nikajifunika kichwa na uso, nikaingia kinyumenyume. Nilisikia Mama akivuta pumzi. Nilipapasa mkeka kwa mguu, nikapiga magoti nikiwa nimetazama ukuta, nikatafuta pedali kwa vidole. Erasto alikuwa ameacha kupiga.

"Endelea," nilimwambia.

Akaendelea. Sikuwa na kisu wala ndizi, nikamenya hewa. Ganda moja, mzunguko mmoja. Nikaiacha sauti izunguke polepole muda mrefu, kama siku ile, kisha nikaanza kupandisha, maganda manne, na chumba kizima kikazunguka. Ilikuwa yenyewe. Naapa ilikuwa yenyewe, na hata ule mngurumo wa mota ulikuwapo. Nyuma yangu nikasikia kitanda kikilia, tena, na tena, nikafikiri anapiga mdundo kwa ule mkono wake mzima. Nilifurahi hata nikauma kanga. Nikashusha, maganda saba, mpaka ikaketi chini. Kisha nikainuka nikatoka vilevile, mgongo wangu kwake, nikaenda jikoni nikakaa juu ya kinu, nimelowa na nimefurahi.

Erasto alikuja baada ya muda. Nilimuuliza kama baba alisikia.

"Alisikia," alisema.

Nimeishi na mwanamume huyu miaka kumi na saba. Akidanganya huwa anajibu haraka.

"Alikuwa anapiga mdundo," nilisema. "Kitanda kilikuwa kinalia."

Akatazama mvua. Mama mkwe ndiye aliyeniambia, kesho yake, baada ya mzee kukata roho alfajiri bila kusema neno jingine. Hakuniambia kwa kunilaumu. Tulikuwa tunachemsha maji ya kumwosha, yeye kuni, mimi sufuria.

"Ulipoingia, alikuogopa," alisema. "Alivuta blanketi kwa mkono wake mmoja. Lilikuwa limemzidi, akavuta, akavuta, mpaka likafunika kichwa chote. Lubeni akataka kulifunua, baba yenu akalishika kwa meno. Alikuheshimu, mwanangu. Mpaka ulipotoka."

Kitanda kilikuwa kinalia kwa hilo.

Tulimzika Jumatatu, siku ambayo Erasto angekwenda Mbeya kununua waya. Watu walikuwa wengi. Rubeni alisimama kaburini akasema Ambindwile ameondoka akiwa amesikia alichotaka kukisikia, na watu wakasema amina, na mimi nikasema amina pamoja nao chini ya kanga. Siku zile niliing'ang'ania amina hiyo. Blanketi ni blanketi, nilijiambia. Sauti ni kitu kinachopenya. Mimi mwenyewe nilimsikia miaka yote hiyo kupitia ua mzima.

Wanawake walipokusanya nguo za marehemu kuzifua, nililichukua lile blanketi. Ni la sufu, zito, la kijivu, yale tunayonunua huku kwa sababu ya baridi. Kwenye pindo kuna mahali palipotafunwa. Nilikaa nalo wiki mbili bila kulifua.

Kisha nikamwomba Mama anisaidie jambo. Nilimketisha jikoni na mkungu wa ndizi, nikampa kisu mkono wa kulia na kitufe mkono wa kushoto, nikamwambia: ganda moja, mzunguko mmoja, manne kupanda, saba kushuka. Erasto akapiga. Mara ya kwanza Mama alikosea. Mara ya pili alikosea kidogo. Kabla mkungu haujafika nusu alikuwa anazungusha kama marehemu mwenyewe, na machozi yanamdondokea kwenye maganda.

"Kumbe ni kumenya tu," alisema. "Ndaga, mwanangu, asante. Kumbe ni kumenya tu."

Alasiri moja. Mama mkwe ambaye amemenya ndizi miaka sitini aliweza kwa alasiri moja, kwa kisu, na siku ile mimi nilimpa kitufe kitupu mlangoni nikaenda kusimama kwenye mvua na ujuzi wangu. Sikufikiria kumpa kisu. Nilifikiria kwamba ile sauti ni yangu.

Jambo lenyewe nililomwomba lilikuwa lingine. Tulisubiri siku ya mvua, na haikuchelewa. Tukapeleka vyombo chumbani kwa mzee, tukaviweka palepale, Mama kwenye mkeka na beseni la ndizi, Erasto kwenye kiti chake. Mimi nikalala kwenye kitanda cha baba mkwe wangu, ubavu wake, nikajifunika blanketi mpaka juu ya kichwa na kulikamata kwa meno mahali alipolikamata yeye. Lilinuka dawa na moshi na mtu.

"Unataka nini humo?" Erasto aliuliza. Hakupenda.

"Piga," nilisema.

Akapiga. Nilisubiri. Mvua ilikuwa inaporomoka juu ya bati, na chini yake nilisikia nyuzi nzito, zimesimama mahali pake, moja baada ya nyingine. Nilijua kwamba nje ya sufu ile nyembamba zilikuwa zinazunguka, nilijua mpaka zilipofika, ganda la pili, la tatu, la nne. Nilizisikiliza kwa nguvu zangu zote. Hakuna hata moja iliyopita. Sauti nzito peke yake, ile isiyozunguka, ndiyo iliyofika kwa mzee, na kwa masikio yake ilikuwa gitaa la kawaida likipigwa na mwanawe siku ya mvua.

Mama akashusha. Nilihesabu saba ingawa sikusikia kitu. Erasto akauliza kama nimeridhika, kama sasa anaweza kukunja waya. Nilimwambia akunje, nikabaki humo chini na blanketi usoni mpaka wote wawili walipotoka.